Sinema ya Mlangoni

Birika lililokuwa likichemka kwenye skrini ya mlangoni lilikuwa la nyumbani kwake.

Jicho alilitambua kwa mfuniko uliobonyea upande mmoja, na kwa waya mwekundu alioufunga mwenyewe siku mpini ulipovunjika. Mabirika mabovu yako mengi duniani, alijiambia. Lakini nyuma ya birika palikuwa na ukuta, na ukutani palikuwa na doa la unyevu lenye umbo la kiatu, na doa lile alilitazama kila alfajiri akisubiri maji ya kumwogeshea mama yake. Jikoni kwake hapakuwa na kamera. Nyumba nzima haikuwa na kamera. Jicho alikaa na kamera mchana kutwa kazini, na asingeziruhusu kumfuata nyumbani.

"Dada Jicho," mlinzi wa mlangoni alisema, shingo ameipinda, "hii ni kamera ya wapi? Au bosi anafungua mgahawa na sisi hatujaambiwa?"

"Mitambo imechanganyikiwa."

"Basi imechanganyikiwa na inanuka."

Ilinuka kweli. Nywele zilizounguzwa, na chini yake harufu ya sabuni ya kipande. Jicho akachukua rimoti, akazima, akawasha. Birika likatoweka, wezi wa kwenye video wakarudi mahali pao. Aliingia ndani haraka kuliko kawaida yake, bila kumsalimu keshia, na keshia akalikumbuka jambo hilo siku nzima.

Jina la kazi yake lilikuwa Mkuu wa Chumba cha Kamera, cheo kirefu kwa mtu anayeongoza kiti kimoja. Alikaa kwenye kichumba nyuma ya stoo ya unga, akiangalia watu wakichagua sabuni. Kazi haikuwa na ubaya wowote mpaka meneja alipopata wazo. Meneja alikuwa mtu wa mawazo, na kila alipopata moja, wengine walipata kazi. Alinunua skrini kubwa, akaitundika juu ya mlango wa duka ikitazama barabara, akaagiza kila wiki ionyeshwe video fupi ya mtu anayeiba. Uso wazi, jina halihitajiki, mtaa utamtaja wenyewe.

Mtaa ukamtaja. Watu waliacha njia zao ili wapite pale. Wengine walikuja na vikombe vya chai mkononi, wakasimama kando ya barabara wakicheka na kubashiri. Wakaiita Sinema ya Mlangoni. Biashara ikachangamka, kwa kuwa mtu akishasimama kumcheka mwizi, huona vibaya kuondoka bila kununua hata kiberiti.

Kulikuwa na kanuni, bila shaka. Picha za kamera za ulinzi zitazamwe na wahusika tu, skrini isielekezwe mahali umma unapoweza kuiona, na uso wa mtu usitundikwe hadharani bila ridhaa yake. Afisa wa ofisi inayolinda taarifa za watu alifika mwenyewe, na rula. Alipima tangazo la "Eneo hili linarekodiwa", akakuta herufi zake ni fupi, akaagiza zirefushwe. Kisha akaigeukia skrini.

"Hizi ni picha za ulinzi, na ziko barabarani."

"Zilikuwa za ulinzi, mheshimiwa," meneja alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Wezi walishafukuzwa. Sasa hivi ni burudani."

Afisa akafungua kitabu chake, akapekua, akakifunga. "Burudani iko chini ya idara nyingine."

"Basi tuwasubiri hao."

"Mtasubiri sana. Hawana gari."

Akaahidi kuandika barua, na kwa muda huo sinema iliendelea kuonyeshwa.

Shida ya Jicho ilikuwa kwamba wezi walikwisha. Walioiba kweli waliona wenzao wakichekwa, wakahamia duka la pili. Ikafika wiki ambayo hakuwa na kitu, na meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa kichumba akiitazama saa yake. Ndipo Jicho akamkumbuka fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Kamera ilimwonyesha akichukua kopo la maziwa ya mtoto, akilitia katika mkoba wake wa kitambaa ili apokee simu, akitembea mpaka mwisho wa safu. Hapo alijipapasa mifuko, akasimama kidogo, akarudi akaliweka kopo pale pale alipolitoa. Jicho aliyaona yote hayo. Alipeleka kidole kwenye kitufe, akakata video pale kopo lilipotumbukia mkobani. Ilikuwa desturi ya kazi: kipande kizuri kiishie mkono ukiwa bado mkobani, kisha kirudie mwanzo. Mtazamaji hapati nafasi ya kufikiri.

Fundi aliiba lile kopo mara nyingi kuliko alivyoshona nguo maishani mwake. Aliiba asubuhi, mchana na jioni, mbele ya watu waliompelekea vitambaa. Wakaenda kuvichukua. Mmoja alivihesabu vipande mbele yake, kwa sauti.

Jicho alijua. Alijiambia kuwa angebadilisha wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika akambadilisha, na akadhani yameisha.

*

Siku ya pili birika lilirudi, na safari hii halikuwa peke yake. Mtu alikuja akalishika mpini kwa kitambaa, akamimina maji kwenye ndoo. Kamera isiyokuwepo ilimwonyesha kutoka juu, karibu na dari, kwa nyuma. Jicho alikitambua kisogo chake mwenyewe.

"Huyu mama anajua kubana matumizi," mmoja wa watazamaji alisema. "Mpini wa waya!"

"Labda ndio ameuiba dukani."

Wakacheka. Na ndani ya kicheko chao Jicho akasikia sauti nyingine, ndogo, ya maji maji, kama ulimi unaolamba sahani. Skrini haikuwa na spika.

Siku iliyofuata video ilirefuka. Birika, ndoo, kisha ujia wa nyumba yake, ndoo ikining'inia mkononi, nyayo zikiacha alama za maji sakafuni. Siku nyingine ujia mpaka mwisho wake, mpaka kwenye pazia la maua. Ilianzia pale pale kila mara, ikafika mbele zaidi, kama mgeni anayejifunza nyumba. Jicho aliposimama chini ya skrini akiona kisogo chake kikikaribia pazia lile, jasho jembamba lilimtoka, kwa sababu nyuma ya pazia palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikaa mama yake.

Mama yake alikuwa mwalimu mkuu enzi zake. Nusu ya mtaa walipita mikononi mwake. Walipoona mwavuli wake mweusi ukikata kona walichomekea mashati, na hata sasa, wakiwa na mvi, waliposikia jina lake walikaa wima. Kiharusi kilimnyang'anya upande mmoja wa mwili, lakini hakikumnyang'anya haya. Mtu pekee aliyeruhusiwa kumwona bila nguo alikuwa binti yake, na hata yeye aliamriwa ageuze uso wakati wa kumkausha.

"Mwanangu, mbona unaniogesha kwa haraka hivi?" mama aliuliza asubuhi iliyofuata.

"Baridi, mama."

"Baridi ya wapi, na maji ya moto?" Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo Jicho hakuwahi kuisikia kwake: "Nisitiri mgongo. Kuna mtu."

Palikuwa na ukuta tu, na ile harufu.

Jicho akajaribu kila alichoweza. Alimfuta mama kitandani badala ya kumpeleka kwenye kigoda, na skrini ikaonyesha ndoo ikielekea kitandani. Aliacha kumwogesha kabisa, mama akauliza kwa uchungu amekosa nini, na bado skrini ikaonyesha ujia, mtupu, na alama za maji zikijichora zenyewe sakafuni. Kazini alichomoa waya. Picha ikabaki. Meneja, ambaye mwanzoni aliisifu ("ina msisimko, watu wanarudi kujua itaishaje"), akaagiza ishushwe, lakini fundi wa umeme aliyepanda ngazi akashuka na vidole vimevimba, akaacha hata bisibisi zake. Wakaifunika shuka. Picha ikapenya, ikajichora juu ya shuka. Na watu wakawa wengi zaidi.

"Ule ujia nimewahi kuufika," mzee mmoja muuza magazeti alisema, akikuna kidevu. "Niliwahi kutumwa na daftari pale. Si kwa Mwalimu?"

Kicheko kikapungua. Lakini hakuna aliyeondoka.

Afisa aliitwa tena. Safari hii hakupima kitu. Alisimama chini ya skrini na kitabu chake kimefunguliwa, akavuta ile harufu, akasikia ule ulimi, na rula ikamponyoka.

"Hiki," alinong'ona, "hakimo kwenye kanuni."

"Kwa hiyo, mheshimiwa?"

"Kwa hiyo sikukiona." Akaiokota rula, akaenda.

*

Keshia ndiye aliyemtaja mtabibu wa majini. Alikuwa mama mwenye miwani, amepanga chumba ghorofani juu ya duka la kudurufu karatasi. Kabla ya kazi hiyo alikuwa mkaguzi wa masoko, akastaafu, na tabia ya ukaguzi haikumtoka. Alifika mchana kweupe, akalizunguka duka, akabonyeza mikate, kisha akaketi chini ya skrini na kumtazama Jicho juu ya miwani.

"Nani aliidhinisha?"

"Meneja."

"Nani alikata?"

Jicho akamkodolea macho. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kuna kitu kilikatwa.

"Nisikilize, mwanangu, na usiniletee machozi, sijaja na leso," mtabibu alisema kwa sauti ya chini, huku akitia ubani kwenye kichetezo. "Jini wa namna hii ni kipofu. Hawezi kuingia kwa mtu kwa sababu haoni mlango. Anahitaji macho ya kuazima. Nyinyi mmemkusanyia macho kila siku, mengi, yote yakitazama sehemu moja, yote yakimla mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Akala naye. Alipommaliza fundi akauliza nani anafuata, na aliyekuwa karibu ni wewe."

"Mama yangu hajamkosea mtu."

"Fundi alimkosea nani?"

Ulimi ulilamba juu ya vichwa vyao, polepole, kama unaosikiliza.

"Nifanye nini, mama?"

"Aliingilia pale ulipokata. Paunganishe. Aliyevuliwa asitiriwe pale pale alipovuliwa, na afanye hivyo yule aliyemvua. Na iwe kabla ya keshokutwa, kwa maana kesho pazia litafunguka, na keshokutwa hakutakuwa na kilichobaki cha kusitiri."

"Ninayo video nzima. Nitaionyesha yote, waone akilirudisha."

"Muulize kwanza mwenye uso."

"Hata kanuni inasema hivyo," Jicho alisema kwa unyonge.

Mtabibu akavua miwani, akaifuta. "Basi leo ndiyo mara ya kwanza namwona jini na serikali wakikubaliana."

*

Fundi alimkaribisha. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimsogezea kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, akamwita dada kama zamani. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mkewe alikaa pembeni na mtoto begani, akaangalia ukuta.

"Nilikuona ukilirudisha," Jicho alisema. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kutangulia, yote yakampotea.

"Najua uliniona. Nilipolirudisha niliitazama kamera. Nikainua mkono, hivi." Akauinua. "Nilisema moyoni, kama kuna mtu nyuma ya hiki kidude, aone kwamba nimerudisha."

Jicho aliukumbuka ule mkono. Alikuwa ameuona, na alikuwa ametabasamu, na kisha akakata.

"Kesho nataka niweke video nzima. Kwa idhini yako."

"Uso wangu? Pale tena?" Fundi alitikisa kichwa polepole. "Hapana, dada. Hata ukinionyesha nikigawa chakula kwa yatima, watasema huyo ndiye yule mwizi. Nimeshatazamwa vya kutosha."

"Sasa nifanyeje?"

Aliyejibu alikuwa mkewe, bila kugeuka. "Una mdomo. Kila mtu mtaani ameshautumia wake juu yetu. Wa kwako ndio hatujausikia."

*

Asubuhi iliyofuata barabara ilijaa. Habari kwamba pazia litafunguka zilikuwa zimeenea, na ingawa kila mmoja alisema amepita tu, walikuwa wamesimama mabega kwa mabega, wengine ni wazee waliowahi kuchapwa na Mwalimu kwa kuchelewa na ambao leo walikuwa wamewahi. Birika likachemka. Ndoo ikajaa. Jicho akapanda juu ya kreti la soda chini ya skrini, akawageukia.

Nyuma yake ndoo iliingia ujiani; aliijua kwa nyuso zao, maana macho yote yalikuwa yamepanda juu ya kichwa chake, na ndani ya macho yale, katika kila jozi, aliona kidoa cheusi kikitembea, kikivuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenziwe kama mtu anayepita katikati ya safu za viti kutafuta mahali pazuri pa kukaa, na harufu ya nywele ikamkaba, na ulimi ukaanza kulamba kwa haraka sasa, bila aibu, na akaona kwenye kioo cha gari lililoegeshwa ng'ambo kwamba mkono wake mwenyewe kwenye skrini ulikuwa umefika kwenye pazia la maua, umelishika, unalivuta, na upande wa pili wa pazia umeonekana mguu, mguu mmoja mkavu wa mtu mzima, umeelekezwa ndani kwa haya.

"Mimi ndiye niliyemwona fundi," Jicho alipiga kelele, "kwa macho yangu, akitia kopo la maziwa mkobani! Na ni mimi niliyemwona akilirudisha! Alilirudisha! Nikakata, ili mcheke! Si mwizi! Mwizi ni mimi, nimemwibia heshima yake, na nyinyi mlinisaidia kubeba!"

Kisha kwenye kioo cha gari aliona pazia likirudi mahali pake. Mguu ukajificha. Ndoo ikarudi kinyumenyume ujiani, maji yakapanda yakaingia birikani, moto ukafifia, na skrini ikawa nyeusi, nyeusi ya kawaida ya kitu kilichochomolewa umeme. Ulimi ukanyamaza. Mzee wa magazeti akavua kofia, akatazama chini. Wengine wakakumbuka ghafla kwamba walikuwa na safari.

Skrini ilishushwa kabla ya mchana. Haikumvimbisha mtu vidole. Meneja alimfukuza Jicho kwa kuchafua jina la duka, na Afisa akaja kumkabidhi meneja cheti cha kufuata kanuni, kilichofungwa kwenye fremu. Jicho hakujali. Alirudi nyumbani, akamwogesha mama kwenye kigoda, ukuta ukiwa ukuta. Mama aliimba kidogo, jambo ambalo hakulifanya tangu augue.

Jioni, kabla ya taa kuwashwa, mlinzi wa mlangoni alikuja akihema.

"Dada, tulikurekodi asubuhi. Si kwa ubaya, kila mtu alikuwa na simu juu. Tazama."

Kwenye simu Jicho alisimama juu ya kreti. *Mimi ndiye niliyemwona fundi, kwa macho yangu, akitia kopo la maziwa mkobani!* Picha ikakatika. Ikarudi mwanzo. *Mimi ndiye niliyemwona fundi...*

"Nani amekata?" Jicho alinong'ona.

"Hakuna aliyekata! Hii nilirekodi mimi mwenyewe, mpaka mwisho, mpaka pale ulipotutukana. Nimewauliza wenzangu, za wote zimeishia hapo hapo. Na imeshafika kila mahali, dada. Watu wanasema sasa yamethibitishwa, mwenye kamera mwenyewe amesema." Aliisogeza simu mbali na pua yake. "Na inanuka."

Jicho alitoka bila viatu. Njia nzima ya mtaa wa nyuma, vibarazani, madirishani, nyuso zilikuwa zimeinama juu ya vioo vidogo vyenye mwanga, kila mtu na sinema yake, na kutoka katika kila kiganja sauti yake ilimsindikiza. Mlango wa fundi ulikuwa umefungwa. Alipiga hodi. Ndani mtoto alikuwa akilia, na hakuna mtu aliyeitikia, ila sauti yake mwenyewe iliyotoka chini ya mlango: *Mimi ndiye niliyemwona fundi, kwa macho yangu, akitia kopo la maziwa mkobani!*

"Akalirudisha!" Jicho alilia kupitia ufa wa mlango. "Fundi, ndugu yangu, nilisema! Nilisema alilirudisha!"

*Mimi ndiye niliyemwona...*

Akaketi kizingitini. Kila sauti ilipokatika, alijazia mwisho wake kwa kinywa, kwa ajili ya mtu yeyote aliyekuwa akipita, akalirudisha, akalirudisha, na mwanzoni kulikuwa na upenyo kati ya mkato na marudio, mdogo, wa kutosha neno moja. Lakini kitu kile kilikuwa kimepata macho mengi na kilikuwa na njaa, na kabla giza halijaingia kilikwisha kumzoea. Hakikumwachia upenyo tena. Kila alipofungua mdomo kusema, sauti yake ilikuwa tayari imeshamtangulia kumshtaki fundi.